Siku Sita za Baa, Tone Sikuonja

Siku ya kwanza, London

Mpwa wangu alinipokea uwanja wa ndege, akanichukulia begi, akaniuliza tuanzie wapi: tukaone saa kubwa, tukaone daraja, au twende nyumbani tukale kwanza. Nikamwambia, "Baa."

Akasimama. "Mjomba, wewe?"

"Mimi."

"Umeanza lini?"

Sijaanza. Pombe sijaionja tangu nizaliwe na sina mpango huo. Ila mimi ni seremala wa milango na madirisha ya nyumba kongwe, Mji Mkongwe, Unguja, na miaka kadhaa nyuma mhandisi mmoja aliyekuja kukagua paa alinionyesha kwenye simu picha ya ukumbi wa vichumba vya mbao, nguzo zina simba juu yake, kila kichumba na mlango wake. Nikadhani kanisa. Akacheka, akasema ni baa, iko Belfast, na imeorodheshwa kisheria hata mwenyewe hawezi kubadilisha chochote bila kibali. Tangu siku ile nikawa naweka akiba. Watu huchangia safari kwenda kuhiji, mie nachanga kwenda baa. Nyumbani nilisema naenda kumsalimia mpwa wangu, na si uongo.

Jioni hiyo hiyo akanipeleka Southwark, kusini ya mto Thames, The George Inn. Unapita lango jembamba kutoka Borough High Street, unatokea uani, na upande mmoja kuna jengo refu lenye roshani za mbao zilizopandana. Lilijengwa upya mwaka 1677, baada ya moto wa mwaka uliotangulia kula sehemu kubwa ya mtaa. Enzi hizo ilikuwa nyumba ya wageni: magari ya farasi yakiingia uani, abiria wakinywa chini na kulala juu, na roshani ndiyo njia ya kufikia vyumba, mlango baada ya mlango. Jengo lilizunguka ua pande tatu. Mwaka 1889 kampuni ya reli ikabomoa mbili ipate nafasi ya maghala. Huu uliobaki ulikabidhiwa National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba ya kale, mwaka 1937, na aliyekabidhi ni kampuni ya reli iliyomrithi yule mbomoaji. London nzima haina mwingine wa namna hii.

Nilikaa uani na tangawizi yangu, maana soda ya tangawizi kumbe ipo kila baa ya nchi hii na hakuna anayekushangaa ukiiagiza. Boriti za roshani hazijanyooka hata moja. Mbao ikishabeba watu miaka mia tatu na ushee inakaa itakavyo, na fundi mwenye akili haiendei na pimamaji. Mpwa wangu muda wote alikuwa anatazama langoni, kana kwamba mtu wa Malindi ya Unguja angechungulia akamuona mjomba wake.

Siku ya pili, London

Leo ndiyo nimeelewa ninachokitafuta.

Asubuhi tulitembea hadi The Lamb, mtaa wa Lamb's Conduit. Kaunta ina umbo la herufi U, na juu yake, usawa wa uso wa mtu aliyesimama, kumepangwa safu ya vidirisha vidogo: fremu ya mbao nyeusi na kioo kilichochorwa maua kwa asidi. Kila kimoja kinazunguka. Mteja anakifungua kidogo, anaagiza, anapokea glasi kwa chini, anakirudisha. Mhudumu anaona mkono na pesa, uso hauoni, wala wateja wa upande wa pili hawauoni. Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria walikuwa na haya ya aina yake. Bwana mwenye ofisi hakutaka karani wake amwone anakunywa, na karani naye hakutaka kuonwa na bwana.

Nilikifungua na kukifunga mara kumi hivi. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, watakutoza." Lakini mie nilikuwa nimesharudi Shangani, kwenye roshani za nyumba kubwa, zile mbao zilizotobolewa nakshi ili wanawake wa ndani waione njia na njia isiwaone. Kule mbao inasitiri watu wa nyumba, huku inasitiri walevi. Lakini fundi wote wawili wamepewa swali moja: nani amuone nani.

Mchana tukaingia Princess Louise, High Holborn. Nje ni jengo la 1872 la kawaida kabisa, ungelipita. Ndani palitengenezwa upya mwaka 1891, na hapo ndipo nilipokaa kimya. Ukiingia hukutani na baa. Unakutana na ushoroba mwembamba, ukuta mmoja vigae na vioo vya nakshi hadi juu, ukuta wa pili mbao na vioo, na kwenye ule wa mbao kuna milango midogo. Kila mlango unafungulia kichumba. Vichumba vyote vimeizunguka kaunta iliyo katikati kama kisiwa, kwa hiyo mhudumu aliye ndani ya kisiwa anahudumia pande zote na kuona kila mtu, ila mnywaji wa kichumba hiki hamuoni wa kile. Kila kichumba kilikuwa na watu wake: vibarua huku, wenye vijisenti kule, na bei hazikulingana ingawa bia ilitoka mapipa yaleyale.

Sasa sikiliza kilichonifurahisha. Viambaza vile vya mbao si vya 1891. Vya asili viling'olewa, kama vilivyong'olewa kwenye mamia ya baa. Mahakimu wa leseni hawakupenda kona zilizojificha, na baadaye wenye viwanda vya bia wakaona ukumbi mmoja mpana unahitaji wahudumu wachache. Mwaka 2007 na 2008 wenye baa hii wakaagiza mafundi wavirudishe vilivyokuwa. Nilipiga goti nikatafuta pale mbao mpya ilipokutana na ya zamani. Rangi wameioanisha vizuri. Kilichowatoa ni kingo: ya zamani imelainika kwa mabega na magoti ya watu, mpya bado ina ukali kidogo. Wape miaka mia.

Kuna baa ya tatu tulikwenda jioni, siitaji. Nilitoa futikamba nikapima upana wa mlango, mhudumu akaja mbio akauliza kama nimetoka manispaa. Nikamwambia nimetoka Zanzibar. Hakuona tofauti, akatuomba tumalize vinywaji.

Siku ya tatu, London hadi Liverpool

Kabla ya treni nilimsihi mpwa wangu tupite Carlton Tavern, kaskazini magharibi ya mji. Haina simba wala shaba. Ni baa ya matofali ya miaka ya 1920, na siku nilipoiona ilikuwa na mama mmoja anasoma gazeti na mbwa amelala. Nilikwenda kwa sababu ya kisa chake.

Mwaka 2015 majirani walianza kuhisi mwenye jengo ana nia mbaya. Wakaomba liorodheshwe, na wakati maombi yakishughulikiwa, vigae na alama zake vikachukuliwa chapa na kumbukumbu. Siku chache kabla uamuzi haujatoka, mwezi Aprili, tingatinga likaja likalilaza chini bila kibali chochote. Mara nyingi kisa huishia hapo: faini, na ghorofa jipya. Safari hii halmashauri ya Westminster ikaamuru lijengwe upya, tofali kwa tofali, kama lilivyokuwa. Wenye jengo wakakata rufaa wakashindwa. Aprili 2021 likafunguliwa.

Niliuweka mkono ukutani. Matofali mengine ni yale yale yaliyookotwa kwenye kifusi, unayajua kwa uchakavu wake. Nikamwambia mpwa wangu, jengo hili halikuokolewa na sheria peke yake. Sheria ingesema nini kama hakuna aliyejua kigae kipi kilikuwa wapi?

Hakunijibu, ila alijua ninakoelekea. Desemba 25, 2020 upande mmoja wa Beit al-Ajaib ya kwetu Unguja, nyumba ya 1883, uliporomoka huku ikifanyiwa ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Nilikwenda jioni nikasimama Forodhani na wenzangu. Hatukuzungumza sana. Tangu hapo sitii patasi kwenye mlango kabla sijaupiga picha pande zote na kuandika vipimo vyake daftarini, hata mwenye nyumba akinung'unika kwamba namchelewesha.

Treni ya kutoka Euston inachukua saa mbili na kitu. Nililala njia nzima.

Siku ya nne, Liverpool

Philharmonic Dining Rooms iko kona ya Hope Street na Hardman Street, mkabala na ukumbi wa muziki unaoipa jina. Ilijengwa kati ya 1898 na 1900 kwa ajili ya Robert Cain, mtengeneza bia aliyezaliwa Ireland katika umaskini na kufa tajiri. Msanifu aliitwa Walter Thomas. Wakati ule leseni zilikuwa zinabanwa, na mtengeneza bia aliyetaka kubaki alilazimika kuonyesha kwamba yeye haendeshi pango la walevi. Basi Cain akajenga kasri.

Mlangoni kuna mageti ya chuma na shaba yaliyopindwa kama mizabibu, kazi ya Henry Bloomfield Bare. Huyo huyo alifua mabamba ya shaba yaliyomo ndani, nyuso na majani vikigongwa kutoka nyuma hadi vikatokeza mbele. Mafundi wengi walitoka chuo cha sanaa na usanifu cha mji, na inaonekana: kila mmoja alitaka kumshinda mwenzake. Plasta imefinyangwa kuwa wanawake wanaobeba dari, kazi ya Charles Allen. Kaunta imefunikwa kwa mozaiki. Dari imechongwa. Kuna vyumba viwili vidogo, kimoja kinaitwa Brahms, kingine Liszt, na mpwa wangu alinieleza kwa simu kwamba kwa misemo ya vina ya watu wa London, "Brahms na Liszt" maana yake mtu aliyelewa chakari. Ukumbi mkubwa wa nyuma ulikuwa wa biliadi.

Kwa maoni yangu vitu vimezidi. Macho hayapati pa kupumzika. Mlango wa kwetu una nakshi juu, pembeni na kwenye mfaa, ule ubao wa kusimama katikati, lakini ubao mkubwa unaachwa mtupu upate kung'ara kwa mafuta na misumari yake ya shaba. Hapa hakuna aliyeambiwa "basi, inatosha".

Halafu nikaenda chooni.

Nilikuwa nimeambiwa, sikuamini. Choo cha wanaume ni maarufu kuliko ukumbi. Mabakuli ya kukojolea yamesimama kama milango ya kasri, ya jiwe jekundu la waridi linalofanana na marumaru, vigae na mozaiki vikiyazunguka. Niliposukuma mlango nikakuta wanawake wawili wanapiga picha. Nikarudi nyuma haraka, nikidhani nimepotea. Mhudumu akacheka, akasema ni kawaida, huomba ruhusa waingie kuangalia. Nikasubiri nje na haja yangu.

Lakini hata hiki choo kinalindwa. Orodha ya Uingereza haiishii kwenye sura ya nje. Jengo likiingia, limeingia lote, na ndani yake: kaunta, vioo, vigae, bakuli la choo. Yapo madaraja matatu, la pili, la pili lenye nyota, na la kwanza ambalo ni la majengo machache sana. Mwaka 2020 Philharmonic ilipandishwa daraja la kwanza, na ndiyo baa ya kwanza ya enzi ya Victoria, iliyojengwa tangu mwanzo iwe baa, kupata heshima hiyo. Iko meza moja na makanisa makuu.

Na bado ni baa. Hilo ndilo lililonikalisha hadi usiku. Mzee mmoja alikuwa ameegemea nguzo, kiwiko chake juu ya nakshi ambayo kwetu tungeizungushia kamba na kibao "Usiguse". Hakuna aliyemkataza. Sheria inamzuia mwenye baa asiing'oe ile nguzo. Haimzuii mzee kuiegemea.

Siku ya tano, Liverpool

Mvua. Niliichungulia The Vines, Lime Street, kazi ya Thomas huyo huyo ya 1907, nikanunua soksi, nikavuka mto hadi Birkenhead kupanda meli ya usiku ya Belfast. Saa nane baharini. Nimezoea boti ya Dar, hii haikunitikisa. Jirani yangu alitapika hadi alfajiri, masikini.

Siku ya sita, Belfast

Nilifika Great Victoria Street kabla hawajafungua, nikasimama ng'ambo ya barabara nikiitazama.

The Crown. Chini yote ni vigae, rangi ya chungwa iliyoiva, kijani na manjano, na nguzo za vigae. Kuna sababu ya vigae kwenye baa za zamani, na siyo urembo peke yake: moshi wa makaa ya mawe ulikuwa unakula rangi na plasta, kigae unakipangusa kikarudi kipya. Madirisha yana vioo vya rangi. Hivyo navyo vina kazi: mwanga uingie, jicho la mpita njia lisiingie.

Zamani baa iliitwa Railway Tavern. Sura hii ya leo ni ya Patrick Flanagan, miaka ya 1880 na 1890. Watu husimulia kwamba alitumia mafundi wa Kiitaliano waliokuja Ireland kujenga makanisa, wakimfanyia kazi jioni baada ya saa za kazi. Sina ushahidi, ila ukiingia unaelewa kisa hicho kilitoka wapi. Husimuliwa pia kwamba mkewe alitaka baa iitwe Taji, kwa heshima ya ufalme, na yeye ambaye ufalme haukumpendeza akakubali, kisha akaliweka taji la mozaiki sakafuni mlangoni ili kila mlevi alikanyage. Lipo. Nami nililikanyaga, sikuwa na njia nyingine.

Nyuma yangu nilikuwa nimeacha hoteli ya Europa, iliyofunguliwa 1971 na kulipuliwa zaidi ya mara thelathini wakati wa machafuko ya Ireland Kaskazini. Kila bomu kule lilimaanisha vioo kumwagika huku. National Trust iliinunua Crown mwaka 1978, katikati ya balaa hilo, baada ya mshairi John Betjeman na wenzake kuisemea sana. Mwaka 1981 wakamaliza ukarabati wa pauni 400,000. Kwa mji uliokuwa unawaka, lazima wapo waliouliza: pesa yote hiyo kwa baa? Ningeuliza na mie.

Vichumba ni kumi, vimepangwa upande mmoja mkabala na kaunta, vina herufi A hadi J. Nilipata kimoja kwa kuwa nilikuwa wa mwanzo. Mbao nyekundu nzito, jamii ya mkangazi, imepita mkono wa vanishi mara nyingi hadi imekuwa kama kahawa. Kwenye nguzo za mlango wamekaa wanyama, simba na mazimwi yenye mabawa, wameshika ngao. Nilimpapasa mmoja kuanzia makucha hadi manyoya. Aliyemchonga alijua kwamba watu watamshika: mahali pa mkono amepaacha mviringo, ukali wote ameupeleka nyuma, asikofikiwa.

Ndani kuna benchi la ngozi lililozunguka kuta na meza katikati. Kiambaza kinapita kichwa cha mtu aliyeketi, basi. Juu yake ni wazi, dari moja kwa wote. Kwa hiyo unasikia kila kichumba na huoni hata kimoja. Ukutani kuna kibamba cha madini, kimekwaruzwa mistari isiyo na idadi. Nilikitazama kwa muda mrefu bila kukijua. Ni cha kuwashia kiberiti. Karibu yake, kitufe cha kengele: mnywaji alikibonyeza, herufi ya kichumba chake ikaonekana kwenye ubao, mhudumu akaja, naye hakuhitaji kutoka. Taa bado ni za gesi, mwanga wake unapumua.

Nilichora mlango kwa saa nzima. Bawaba, komeo, unene wa fremu, jinsi ulimi wa ubao ulivyoingia kwenye mfereji wake na kuachiwa nafasi ya kuvimba siku za mvua. Hii ya mwisho naichukua nyumbani. Sisi tuna masika, wao wana mwaka mzima.

Simu ikalia. "Mjomba, bado uko baa?"

"Bado."

"Mama anauliza umeona nini huko London."

"Mwambie milango."

Sijakata simu, mlango ukagongwa. Wanawake wawili wa makamo, makoti yamelowa, wakauliza kama nafasi ipo, vichumba vyote vimejaa. Nikawapisha benchi, nikakusanya karatasi zangu. Mmoja akaona mchoro, akauliza kama mimi ni msanifu. Nikasema seremala. Akamwambia mwenzake kitu kwa lafudhi ambayo sikuishika hata neno, wakacheka, wakaniuliza ninakunywa nini.

Tangawizi, nikasema. Yule wa pili akavuta mlango, komeo likaingia mahali pake, na sauti za kichumba cha jirani zikaendelea kupita juu ya vichwa vyetu.